Pikapu Iliyomkataa Mama

Wiki iliyopita nilifungua mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimeufunga ukiwa moto kutokana na jua, ukapoa usiku kucha, na asubuhi nikaukuta mbavu zake zimebonyea kwa ndani. Kifuniko kilipolegea, mtungi ukavuta hewa kwa pumzi moja ndefu, kama mtu aliyezama akatoa kichwa majini. Nilisimama pale jikoni na kifuniko mkononi mpaka kitunguu kikaungua. Sauti ile naijua. Niliisikia nikiwa mtoto, kando ya barabara ya kwenda Usenge, na tangu hapo sijaweza kumheshimu kikamilifu mtu yeyote anayezungumza kwa uhakika.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, nyinyi wa rika langu mnihukumu mnavyotaka. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mlango nikiufunga narudi kuuangalia, na ujumbe mfupi naweza kuuandika upya mpaka aliyeungoja akasahau alichoniuliza. Ninachokijua kuhusu injini nimejifundisha mwenyewe, kwa video na kwa kuharibu vitu vya watu, kwa sababu siwezi kuvumilia tena kusimama kando ya gari lililokufa nikimsikiliza mwanamume akibahatisha. Najua dharau yangu imepita kiasi. Nimejaribu kuipunguza, nimeshindwa.

Tuliishi Nyamasaria. Mama alizaliwa Usenge, kando ya ziwa, na huko ndiko alikokwenda kununua omena, dagaa wadogo wa ziwani, ya kuuza sokoni mjini. Gari lilikuwa la baba kwa karatasi, lakini aliyelilisha ni omena. Ilikuwa pikapu kuukuu ya petroli, rangi ya krimu, mlango mmoja wa kijani uliotolewa kwenye gari lingine. Ndani ilinuka omena iliyokauka, petroli, na sponji ya viti iliyokuwa imelowa jasho la watu wengi kabla yetu. Harufu hiyo hata leo ikinipata ghafla, nafungua dirisha.

Kifuniko cha tangi cha asili kilipotea ufuoni. Mtu mwingine angeziba kwa tambara au mfuko wa plastiki, kama inavyofanywa huku kila siku. Baba hakuwa mtu wa tambara. Alikata mpira kutoka tyubu ya gurudumu la lori, akaukunja tabaka mbili, akauvika juu ya kipande cha mbao alichokichonga kikaenea mdomo wa tangi sawasawa, kisha akakikaza pembeni kwa ukanda mwingine wa mpira. Kazi hiyo ilimchukua Jumapili nzima. Alipomaliza aliwaita majirani, akatikisa gari kwa mabega, akawauliza kama wameona tone. Hakuna aliyeona. Hata harufu haikutoka. Mimi nilisimama kando yake nimejaa fahari, nikiamini baba yangu ndiye mtu pekee Nyamasaria anayefanya kazi mpaka mwisho.

Baada ya hapo pikapu ikaanza kufa.

Ilikufa kwa namna ya pekee. Ilitoka nyumbani vizuri, ikala barabara bila shida, halafu mahali fulani njiani ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikashtuka mara chache kama mtu mwenye kwikwi, ikazima. Baba alifungua boneti, akatazama ndani kwa uso wa mtu anayesoma gazeti la lugha asiyoijua. Kisha akaitwa fundi.

Kuhusu mafundi sitasema uongo kwa heshima. Wa Ndori alisema ni uchafu kwenye tangi. Alichomoa paipu ya petroli, akapuliza kwa mdomo mpaka tukasikia mapovu tangini, akairudisha, gari likawaka, naye akasema si niliwaambia. Wa Bondo alisema kabureta. Aliifungua, akaisafisha kwa mswaki, akapuliza paipu ileile, gari likawaka. Wa kwetu Nyamasaria alisema pampu, akatuuzia nyingine, na kabla ya kuifunga akapuliza paipu. Kila mmoja alipuliza na kila mmoja aliona gari likiwaka, lakini hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini limepona kwa dawa tatu tofauti. Waliamini walichokuwa wamekisema kabla ya kufungua boneti. Sikuwa na maneno hayo utotoni. Nilikuwa na kichefuchefu tu, na nikadhani kinatokana na petroli.

Wakati huo chumba cha nyuma ya nyumba yetu kilipangwa na mwinjilisti mmoja. Tulimwita Mtumishi. Alivaa suruali nyeupe kwenye mtaa wa matope na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti hata anapoomba chumvi. Baba alipokwenda upande wa Bondo, Mtumishi alipanda bure kwenda kwenye mikutano yake, na kwa kuwa alikuwa Mtumishi alikaa mbele, dirishani. Siku moja gari likiwa limekufa alimgeukia baba akamuuliza kwa upole, akimwita kwa jina langu, "Baba Akinyi, umewahi kuangalia hii gari inakufa siku gani?"

Baba hakuwa ameangalia. Wakahesabu pamoja, safari moja baada ya nyingine, na ikaonekana kwamba baba akisafiri bila mama gari halifi, na mama akiwepo linakufa.

Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Nimelirudia jambo hili kichwani kwa miaka na hakuna pa kutokea: walichokiona kilikuwa kweli. Baba akiwa peke yake alitia mafuta kama madereva wengi wa huku, kidogo hapa, kidogo kule, kila kituo kilichokuwa na mtu wa kupiga naye soga, na kila mara kifuniko kikafunguliwa. Mama alichukia kusimama. Safari ikiwa yake alisema jaza, tangi likajazwa mpaka shingoni, na kifuniko cha baba kikarudishwa kikakazwa mpaka Usenge. Hiyo ndiyo tofauti pekee iliyokuwepo kati ya baba peke yake na baba na mama, na ilikuwa mbele ya macho yetu sote. Lakini nani atamtazama mhudumu wa petroli wakati kuna mwanamke wa kutazamwa?

Mtumishi akaleta dawa ya nne. Gari likizima, wote tulishuka. Mama aliambiwa avuke barabara asimame upande wa pili. Mtumishi alikifungua kifuniko cha tangi, akadondosha humo tone la mafuta ya upako kutoka chupa ndogo, akaweka mkono juu, akaomba. Baba akawasha. Gari liliwaka kila mara. Niliona kwa macho yangu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto makini niliyetaka kila kitu kiwe na sababu, nikaamini kwa nguvu zote.

Niliamini kwamba injini inanusa dhambi. Nilitaka kujua dhambi ya mama ni ipi, nikaitafuta kama mtu anayetafuta chawa. Nilinusa leso zake. Zilinuka omena, na nikaamua kwamba huenda dhambi hunuka hivyo, nikaanza kunawa mikono nikitoka kumsaidia kupembua. Mwisho nilidhani nimeipata: Mtumishi alipokuwa akiomba sebuleni kwetu jioni, mama alisinzia. Mtu aliyeamka kabla ya jua kubeba magunia alisinzia, na mimi, binti yake, nikamtazama kichwa kikimwangukia kifuani nikafikiri, basi ni hiyo.

Kwanza mama alihamishwa nyuma, juu ya magunia. Haikusaidia. Kisha baba akamwambia abaki nyumbani, yeye atamnunulia omena. Mama alibaki. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu baba hakujua kununua omena kama asivyojua kuangalia injini. Alifika Usenge amechelewa, baada ya vituo vyake vyote na soga zake zote, akapewa omena ya mwisho iliyoanikwa chini, yenye mchanga, mbichi katikati ya gunia. Wateja wa mama walionja, wakatema, wakahamia meza nyingine. Wanawake waliouza naye walisikia habari ya gari wakaanza kuacha nafasi kati ya meza zao na yake. Mama hakuwa na kazi nyingine. Meza ile ikifa, ndani ya nyumba ile angekuwa mtu wa kupewa.

Na kila baba aliporudi salama, Mtumishi alisema, "Umeona?" Baba aliona.

Jioni moja mama alimfuata baba hadi kituoni, akamwambia kijana wa pampu ajaze. Kesho yake, akasema, baba asisimame popote, afike kabla omena nzuri haijaisha. "Na Akinyi aende. Yeye anajua mchanga."

Hivyo nikaenda, nimebanwa katikati ya baba na goti jeupe la Mtumishi. Mama alikuwa Nyamasaria, mbali, na mimi nilistarehe kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile. Tulipita Kisian, tukapita Holo. Kisha pikapu ikakohoa.

Sijui kama mmewahi kuona uso wa mtu mzima ukitafuta mahali pa kuweka lawama. Uso wa Mtumishi ulitazama boneti, ukatazama barabara, ukamtazama baba, halafu ukashuka taratibu mpaka kwangu.

"Mtoto hubeba ya mama yake," akasema.

Nilivuka barabara kabla sijaambiwa. Nilisimama kwenye nyasi, nikizipitia dhambi zangu moja moja nikijaribu kukumbuka ipi ilikuwa mbichi zaidi. Watu hunisifu kazini kwamba sikosei, kwamba napitia kila kitu. Nilijifunzia pale.

Kwa kuwa nilikuwa natazama kwa hofu, nilitazama vizuri. Mtumishi aliushika mpira wa kifuniko akashindwa kuung'oa. Ulikuwa umenyonywa ndani, umebonyea katikati kama kitovu. Akamwachia baba, akaenda kutafuta chupa yake mkobani. Baba alichukua bisibisi akaichomeka pembeni, na tangi likavuta hewa. Nilisikia kutoka ng'ambo ya barabara: pumzi ndefu, ya uchungu, kisha kimya. Mtumishi alikuwa bado anapekua mkoba. Baba, bila kufikiri, kwa uvivu wa mkono tu, akaingia akajaribu ufunguo.

Gari likawaka.

Mtumishi aliinua kichwa, chupa mkononi bado imefungwa. "Mungu ameona nia," akasema, akarudi dirishani.

Lakini baba alibaki ameshika kifuniko chake. Alikigeuza huku na huku. Aliutazama mpira alioukata Jumapili ile, tabaka mbili, usiopitisha hata harufu, wala hewa ya kujaza nafasi ya petroli iliyotumika, na nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Tulipofika Bondo aliegesha nyuma ya kituo cha petroli, akaomba msumari na jiwe, akatoboa tundu moja dogo katikati ya mpira mpaka likapita kwenye mbao. Tulikwenda Usenge na kurudi bila kikohozi.

Jioni alimkuta mama jikoni. Nilingoja aseme. Nilikuwa na hakika atasema. Alikuwa mtu wa kufanya kazi mpaka mwisho. Akasema, "Mtumishi amemaliza hiyo maneno. Sasa unaweza kurudi kwa gari. Umesamehewa."

Mama aligeuza ugali. "Na nani?" akauliza.

Baba alitoka nje kuangalia kuku.

Kesho yake tukipembua mchanga nilimweleza mama nilichokiona: kifuniko kilivyobonyea, bisibisi, ufunguo kabla ya maombi, msumari wa Bondo. Aliniambia nirudie ile sauti. Niliitoa kwa mdomo. Akaniambia niirudie tena. Kisha akaendelea kupembua, na alipomaliza karai lile alisema tu kwamba safari ijayo nitakwenda naye.

Safari hiyo ilikuwa kubwa. Tulikwenda vizuri, Mtumishi dirishani kama kawaida, na Usenge mama alichagua omena yake mwenyewe, kavu, ya rangi ya fedha, iliyoanikwa juu ya neti. Wanawake wawili wanaouza naye sokoni walikosa gari la kurudi, wakapanda nyuma juu ya magunia, baada ya kumuuliza baba, mbele ya mama, kama gari limeombewa. Baba alisema limeombewa. Tulipopita Bondo mama alisema jaza. Baba alikwenda kulipa na Mtumishi alikwenda kujisaidia, nami nikamwona mama akizunguka hadi kwenye tangi na kidole chake kikibonyeza kitu katikati ya mpira. Chini ya kiti tulikuwa tunaweka kipande cha sabuni ya kufulia, kile ambacho kila mwenye gari kuukuu huku hubeba kwa kuziba tangi linalovuja, maana petroli haiyeyushi sabuni. Tulipanda, mama karibu na baba, mimi mapajani mwake, Mtumishi dirishani.

Kabla ya Holo barabara inapanda. Pikapu ilikohoa, ikashtuka, ikazima. Nilihisi mapaja ya mama yametulia kabisa chini yangu.

"Imerudi," Mtumishi akasema. Nyuma, wanawake walikuwa tayari wanashuka. Wote tulishuka. "Mama Akinyi, vuka barabara."

"Leo sivuki," mama akasema. Akaenda akaegemea ubavu wa gari, mgongo wake ukifunika kifuniko cha tangi. "Omba, Mtumishi. Tunangoja."

Mtumishi alimwambia asogee, lazima atie mafuta ya upako.

"Kwani Mungu hasikii mpaka kifuniko kifunguliwe? Omba hapo ulipo."

Mmoja wa wale wanawake alikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Mtumishi akaomba. Aliomba kwa sauti ya mkutano, aliomba na mishipa, alikemea vitu ambavyo sikuvijua na vingine nilivyovijua vizuri, kama omena. Alipomaliza alimwonyesha baba ishara. Baba akazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, ikachoka. Mtumishi akaomba tena, mfupi zaidi. Stata ikalia tena.

Baba alishuka. Aliangalia mahali mama alipoegemea, na nikajua kwamba ameelewa. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Baba Akinyi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kumwita kula, "waambie hawa kile unajua."

Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha. Mimi nilimwombea, kwa kweli nilimwombea, maombi ya mwisho niliyowahi kuyafanya kwa bidii ya namna ile. Baba alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Akasema labda petroli ya Bondo ilikuwa na maji.

Mama alichomoa pini kwenye nywele zake. Aligeuka, akachokoa katikati ya mpira, kipande cheupe cha sabuni kikatoka, na tangi likavuta pumzi yake ndefu mbele ya watu wote.

"Washa," mama akasema.

Iliwaka mara moja.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mkubwa wao alimwambia Mtumishi kwamba ile chupa yake sasa aitie kwenye mboga. Mwenzake akasema, "Kumbe ilikuwa inataka kupumua tu," akasogea kumshika mama mkono, yule yule aliyekuwa ameivuta meza yake mbali. Mama aliuacha mkono ushikwe, lakini yeye hakumshika mwenzake.

Mtumishi alikuwa ameshafungua mlango wa kijani. Mama akamtangulia, akakaa dirishani. "Mtumishi," akamwambia, "huku mbele kumejaa dhambi. Panda nyuma."

Alisafiri hadi Nyamasaria juu ya magunia ya omena na ile suruali yake. Kabla ya mvua alikuwa amehama. Baba alinunua kifuniko halisi kwenye mabaki ya magari, na hata leo akiulizwa habari za pikapu ile husema ilikuwa gari nzuri, shida ilikuwa petroli ya Bondo. Nampenda baba. Ninamtumia pesa za dawa. Lakini akianza kunieleza jambo lolote kwa uhakika, namwona anafuta mikono, na ninageuza uso ili asione uso wangu ulivyo.

Jioni ile mama alishusha magunia yake yote kabla ya kuingia ndani. Kisha akamimina maji kwenye beseni, akatoa mfukoni kile kipande cha sabuni, kikinuka petroli, bado kina alama ya kidole chake, akanawa nacho mikono taratibu hadi viwiko. Akanipa na mimi ninawe. Halafu akaniambia leo mimi ndiye nimpelekee baba chakula.